Barua ya wazi kwa wakubwa wa usajili: karatasi zikigombana, msituambie tuchague moja tu

Kwa: Waheshimiwa mnaosimamia usajili wa vizazi na vifo, pamoja na nyie mnaotunza madaftari ya zamani, yawe ya serikali au ya dini.

YAH: MIAKA MITATU YA KUZALIWA YA MTU MMOJA, NA BINTI YAKE ANAYEAMBIWA HAWEZI KUWA BINTI YAKE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Wakubwa, shikamooni kwa wanaostahili shikamoo na wengine salaam. Naandika kama katibu wa ukoo, kazi niliyopewa kwenye kikao cha familia kwa sababu tu ndo mimi mwenye laptop. Barua za kawaida tumeshaandika, zikapokelewa, zikagongwa muhuri, na majibu yote tuliyopata ni ya mdomo pale kaunta. Ofisi siitaji wala mtumishi simtaji, maana hata mkimhamisha yule dada wa kaunta leo akaja mwingine kesho atasema maneno yale yale, amekuta utaratibu na anaufuata. Utaratibu wenyewe ndo ninaoulalamikia, na wenye uwezo wa kuubadilisha ni nyie.

Ishu yetu kwa kifupi. Babu mzaa baba alifariki 1994, akaacha kiwanja Mwanza mjini, kipindi hicho kilikuwa mawe matupu na hakuna aliyekitaka, sasa hivi kila mtu anakijua mpaka watoto wa shule. Babu alioa kwa ndoa ya kanisani, bibi mkubwa akafariki, babu akaoa tena. Shangazi yetu mkubwa ni wa bibi mkubwa, amezaliwa 1938, yupo hai na akili zake timamu kabisa. Mirathi ilipofunguliwa baadhi ya ndugu wakatoa cheti cha kifo cha babu, kimeandikwa alizaliwa 01/01/1926. Hesabu ikapigwa hapo hapo: 1938 toa 1926, kumi na mbili. Mtoto wa miaka kumi na mbili hazai, kwa hiyo huyu mama sio mtoto wa marehemu, aondolewe kwenye orodha ya warithi.

Mahakama ikatuambia twende usajili tukarekebishe mwaka. Usajili wakatuambia tulete amri ya mahakama. Huko kote shangazi anapanda na kushuka ngazi na fimbo yake.

Sasa naomba mnivumilie, niziweke karatasi zote mezani, kwa sababu hakuna ofisi iliyowahi kuziangalia zote kwa pamoja, kila mmoja anachukua ile inayomhusu na kuzirudisha nyingine.

Ya kwanza ni daftari la ubatizo la parokia. Babu alibatizwa 1931 akiwa kijana, baada ya miaka ya ukatekumeni, maana wale mapadre weupe (White Fathers) hawakuwa wanabatiza mtu mzima juu juu, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliwawekea utaratibu wa miaka minne ya mafundisho. Padre ameandika kwa Kilatini kwamba alizaliwa mnamo 1918, yaani alimwangalia akakisia. Pembeni ya mstari huo huo imeongezwa ndoa yake, 1935, na jina la bibi mkubwa.

Ya pili ni karatasi yake ya kuachishwa jeshi. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki, aliandikishwa 1941, akaenda mpaka Burma, akarudi 1946. Karatasini ameandikwa alikuwa na miaka ishirini alipojiunga, kwa hiyo ukipiga hesabu ni 1921.

Ya tatu ni fomu ya ajira ya jineri (kiwanda cha kuchambua pamba) ya ushirika, 1964. Hapo ndo kwa mara ya kwanza inaonekana 1926. Na cheti cha kifo cha 1994 kimefuata hiyo, kwa sababu aliyekwenda kuandikisha kifo ni mpwa aliyezaliwa miaka ya hamsini, aliulizwa marehemu kazaliwa lini, akatoa kadi ya kazi mfukoni. Tarehe mosi Januari hakuitaja yeye, iliwekwa ofisini, kwa sababu fomu inataka siku na mwezi na yeye alikuwa na mwaka tu.

Halafu kuna neno la mama yake babu. Shangazi amelelewa na huyo bibi yake, na alikuwa akisimuliwa kwamba mimba ya babu ilikuwa tumboni Wajerumani walipoikimbia Mwanza. Mwingereza ameingia Mwanza Julai 1916, hiyo ipo kwenye historia ya vita haihitaji kiapo. Basi babu kazaliwa mwishoni mwa 1916 au mwanzoni mwa 1917.

Wakubwa, hapo mna majibu manne tofauti kuhusu mtu mmoja, na ofisini kwenu yanaonekana yana uzito sawa, au tuseme yanapangwa kwa mng'ao wa muhuri. Yenye nembo ya taifa imeshinda. Hapa ndo tunapogombania.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mnaangalia karatasi imetoka ofisi gani, hamuangalii aliyeijaza alijua nini.

Mtu yeyote anayefuatilia historia ya ukoo wake anajifunza mapema kuuliza maswali matatu: nani alisema, alisema lini, na alikuwa anatafuta nini aliposema. Cheti cha kifo ni shahidi mzuri sana wa kifo. Babu alifariki tarehe ile, wodi ile, mpwa alikuwepo, hatubishani. Ila kuhusu kuzaliwa, cheti hicho hicho ni maneno ya mtu ambaye hakuwepo, yaliyonakiliwa kutoka kadi ya kazi, iliyonakiliwa kutoka fomu, iliyojazwa na mtu aliyekuwa anatafuta ajira. Karatasi moja inaweza kuwa ya kuaminika mstari wa juu na isiaminike mstari wa chini. Kwenu ikishakuwa "halisi" basi yote imekuwa kweli.

Na hiyo 1926 wala sio fumbo. Mwaka 1964 babu alikuwa na miaka arobaini na saba hivi, akitafuta ulinzi kwenye jineri ambapo walikuwa wanataka watu wenye nguvu. Akasema ana thelathini na nane. Nani angemlaumu? Wazee wangapi walipunguza umri ili wapate kazi au wasistaafishwe mapema, nyie wenyewe mnawajua, pengine wengine ni baba zenu. Kwenye jeshi vile vile, Tanganyika ilitoa karibu watu 87,000 kwenye ile vita ya pili, hivi mnadhani ni wangapi walifika kwa afisa wa kuandikisha wakiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi? Sheria ya usajili ya Mwingereza ilikuwepo tangu 1920 lakini haikumgusa Msukuma wa kijijini. Mtu anaangaliwa, anaandikwa ishirini, anapewa namba, twende.

Kila karatasi ilikuwa na sababu yake ya kusema ilichosema. Padre peke yake ndo hakuwa na faida yoyote ya kumpunguzia au kumuongezea, alikuwa anakisia tu kwa macho, na amekisia karibu kabisa na neno la mama mzazi.

2. Mnakataa kuziweka karatasi zote pamoja zizungumze.

Hili ndo linaloniuma zaidi, kwa sababu jibu lipo na ni jepesi. Shangazi ni Shija. Msukuma yeyote akisikia Shija anajua kabla yake walizaliwa mapacha, Kulwa na Doto. Tukarudi parokiani, katekista akatusaidia kufungua kurasa kwa utaratibu (Mungu ambariki, ana mikono ya upole kuliko manesi), na kweli, 1936 kuna watoto wawili mapacha wamebatizwa siku moja kwa hatari ya kufa, baba ni huyo huyo, mama ni huyo huyo, kitongoji ni hicho hicho, na kwenye daftari la mazishi wapo wote wawili mwaka huo huo. Sisi hata hatukujua kama waliwahi kubatizwa. Halafu 1938 shangazi, amebatizwa akiwa na siku chache tu tangu azaliwe, hiyo tarehe haina mjadala.

Kwa hiyo ukishikilia 1926 babu alifunga ndoa ya kanisani akiwa na miaka tisa na akapata mapacha akiwa na kumi. Ukishikilia 1921 ameoa akiwa na kumi na nne. Inabaki 1916 au 1917, inayokubaliana na ndoa, mapacha, shangazi, na Wajerumani kukimbia. Mwaka mmoja unapatana na kila kitu na mwingine haupatani na chochote isipokuwa kadi ya jineri, na bado tunaambiwa wa kadi ya jineri ndo wa serikali.

Pale kaunta nilipoeleza hii ya miaka tisa nikajibiwa, "Kaka, mimi naona kilichopo kwenye sistimu." Nikakosa la kusema. Kweli anaona hicho tu.

3. Jina likiandikwa tofauti mnaona watu wawili, na likiandikwa sawa mnaona mtu mmoja.

Babu ni Joannes kwenye daftari la padre, ni John kwa Keya, ni Yohana nyumbani na kwenye kadi ya TANU, na ni Johanes kwenye cheti cha kifo. Jina la ukoo nalo lina R sehemu moja na L sehemu nyingine kama ilivyo kawaida yetu kanda ya ziwa. Ofisi imetaka dipoli, yaani hati ya kubadili jina, kwa ajili ya majina hayo. Dipoli ya marehemu! Marehemu habadili jina, jamani, na wala hakuwahi kulibadili, waliolibadili ni makarani. Nyaraka za Mjerumani ndo usiseme, Mwanza wameandika Muansa na Arusha wameandika Aruscha, sasa jina la mkulima wa Usukuma lingeponaje?

Wakati huo huo kijiji kile kile kulikuwa na Yohana mwingine, binamu yake, wa ukoo mmoja na rika moja. Ndugu wanaompinga shangazi wakapata hoja kwamba Joannes wa parokiani ni yule binamu. Hoja ya maana kabisa, na mimi ndivyo ningeuliza. Ila inajibika: angalia jina la mke, msimamizi wa ubatizo, kitongoji, na ile ndoa iliyoandikwa pembeni. Binamu ana mstari wake, mke mwingine, na amebatizwa miaka mitatu baadaye. Watu wanatenganishwa kwa watu waliowazunguka. Ofisi yenu inatenganisha kwa herufi.

4. Mahali pa kuzaliwa pakibadilishwa jina na serikali, anayeshtakiwa kwa kudanganya ni mwananchi.

Hili nalipita haraka maana linajulikana. Kijiji cha babu kwa Mwingereza kilikuwa Jimbo la Ziwa, baada ya uhuru kikawa Mkoa wa Mwanza, na tangu 2012 ni Mkoa wa Geita. Katikati ikaja operesheni vijiji ya miaka ya sabini, kaya zikahamishwa na jina la kitongoji likafa. Baba yangu ana karatasi ya Mwanza na ndugu yake mdogo ana ya Geita, wamezaliwa nyumba moja. Tumeambiwa "taarifa zinakinzana". Zinakinzana kwa amri yenu wenyewe ya kugawa mkoa, orodha ya mabadiliko hayo mnayo nyie, sio sisi.

5. Kalenda.

Upande wa mama wazee wetu ni wa Ujiji, Waislamu. Hati ya ndoa ya babu mzaa mama imeandikwa mwaka 1360 wa Hijria, ambao ulianza Januari 1941. Mtu wa kuingiza data akaona 1360 haiwezekani, akasahihisha mwenyewe akaandika 1960. Kwa mujibu wa kompyuta wazee wetu wameoana watoto wao wote wakiwa wameshazaliwa, na mkubwa wao akiwa tayari na mke. Kuna mjomba mmoja kila akikumbuka hili anacheka mpaka anakohoa, ila bibi hakucheka. Na hii sio ya Ujiji peke yake, pwani yote na visiwani nyumba nyingi zina karatasi za Hijria kabatini, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi kwa hiyo hata kujumlisha tu haitoshi, inabidi ubadilishe kwa jedwali. Majedwali yapo, hata kwenye simu yapo.

6. Dawa yenu ya kila kitu ni kiapo.

Wakubwa hapa naomba tuongee kiutu uzima. Kila karatasi zikigombana tunaambiwa tukaape. Mimi nimezaliwa zaidi ya miaka sitini baada ya babu, naambiwa nikaape mbele ya wakili kwamba babu alizaliwa tarehe fulani. Najua nini mimi? Na wakili hahoji chochote, unalipa, anagonga muhuri, inatoka karatasi mpya ambayo kesho itakuwa "halisi" na itazishinda zile za 1931 kwa sababu ina muhuri mwekundu unaong'aa. Hapo hamjatatua mgongano, mmeongeza karatasi ya tano, tena iliyoandikwa na mtu asiyejua kitu kuliko wote.

Na kwa kuwa mnataka zote zifanane, watu wanazifananisha. Vijiwe vya kughushi mnavijua. Anayekuja na karatasi zilizonyooka kama rula anapita, anayekuja na karatasi za ukweli zilizopinda kama maisha yalivyopinda anarudishwa. Mimi nikiona familia ina nyaraka za miaka themanini zisizotofautiana hata herufi moja ndo naanza kuwa na wasiwasi.

Mwenye haki ya kusema ni shangazi, na maneno ya bibi yake. Mnasema hayo ni hadithi za jikoni. Lakini Sheria ya Ushahidi yenyewe, ya 1967, inakubali kauli ya marehemu kuhusu undugu wa damu kama alikuwa na nafasi ya kujua na aliisema kabla ugomvi haujaanza. Mama yake babu alikuwa na nafasi ya kujua, nadhani tunakubaliana, na alisema wakati kiwanja hicho hakijapimwa hata na mguu.

Najua pia mtakavyojibu, tumeshayasikia mengi kwa mdomo, kwa hiyo niyajibu hapa hapa.

Mtasema mnaogopa matapeli. Ni kweli wapo, na tangu ule uhakiki wa 2017 uliotoa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, kila karani anaogopa kusaini kitu kisicho cha kawaida, siwalaumu. Lakini hatuwaombi mtuamini sisi. Tunawaomba mfungue daftari la 1936 ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa hai kuliandika. Tapeli gani alibatiza mapacha wanaokufa ili aje ale kiwanja cha wajukuu?

Mtasema sistimu haikubali. Sistimu imetengenezwa na watu kwa maelekezo yenu. Ikiwa inalazimisha siku na mwezi kwa mtu ambaye hata mama yake hakujua siku, basi inawalazimisha watumishi wenu wenyewe kuandika kitu wanachojua sio kweli. Angalieni ni wazee wangapi wa nchi hii wamezaliwa mosi Januari. Ingekuwa kweli wakunga wa zamani wangekuwa na msimu mmoja tu wa kazi kwa mwaka.

Mtasema madaftari yamechakaa na kuna faragha za watu. Yamechakaa kweli, niliyoyaona mimi mengine yameliwa na mchwa mpaka katikati, ndo maana tunasema yapigwe picha sasa hivi. Faragha nayo ina utaratibu duniani, wekeni miaka. Ujerumani wenyewe, hao waliotuachia Muansa, rejista ya kuzaliwa inafunguka baada ya miaka 110, ya ndoa 80, ya kifo 30. Uingereza sensa yao ya 1921 wameifungua Januari 2022 baada ya miaka mia. Huku kwetu hatujaambiwa muda wowote unaoeleweka, inategemea umemkuta nani na ameamkaje.

Kuna mmoja alituambia tukapime DNA. Kwa Mkemia Mkuu tunaweza kwenda, sawa, lakini kipimo hakitarekebisha mwaka ulioandikwa kwenye cheti, na shangazi ameuliza kwa nini yeye ndo atolewe damu wakati daftari lipo.

Tunachoomba:

(a) Mwaka wa kuzaliwa wa babu kwenye rejista ya vifo uandikiwe maelezo pembeni. Hatutaki 1926 ifutwe. Ibaki, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa 1994 na ni sehemu ya historia yake, ila pembeni ionyeshwe kwamba ushahidi wa zamani zaidi unaonyesha mwishoni mwa 1916 au mwanzoni mwa 1917, na ushahidi wenyewe utajwe. Kanisa linafanya hivi miaka yote, ukifunga ndoa parokia nyingine taarifa inarudi kule ulikobatizwa na inaandikwa pembeni ya jina lako, hakuna anayechana ukurasa. Kama padre wa kijijini mwenye kalamu ya wino aliweza, nyie wenye kompyuta mnashindwa wapi.

(b) Mtu akiomba nakala apewe nakala ya mstari wote wa rejista, ikiwa na jina la aliyetoa taarifa na uhusiano wake na marehemu, sio dondoo la mistari minne tu. Tungekuwa na hiyo tangu mwanzo mahakama ingeona yenyewe kwamba mtoa taarifa alikuwa mpwa wa miaka ya hamsini.

(c) Sistimu iwe na nafasi ya kuandika "mnamo", "kati ya mwaka fulani na fulani", na "mwezi haujulikani". Na iwe na sehemu ya kuandika kalenda iliyotumika.

(d) Karatasi zikigombana pawe na afisa anayekaa, anazisoma zote, na anaandika uamuzi wenye sababu: nimeikubali hii kwa sababu hii, nimeikataa ile kwa sababu ile. Akikosea tutakata rufaa kwa kubishana na sababu zake. Kwa sasa hakuna cha kubishana nacho, maana "haiwezekani" haina aya.

(e) Kiapo cha mtu ambaye hakuwepo na hakuambiwa na aliyekuwepo kisipokelewe. Badala yake wazee walio hai wachukuliwe maelezo vizuri, kwa kurekodi, wakitaja nani aliwaambia na lini. Hili lina haraka, nadhani sihitaji kueleza kwa nini.

(f) Muandike kitabu kidogo cha mwongozo chenye mikoa na wilaya zilivyogawanywa mwaka hadi mwaka, na namna majina yalivyokuwa yanaandikwa na Mjerumani, mapadre na Mwingereza, kisha makarani wote wapewe. Wapo wazee wastaafu wa nyaraka wanaoweza kuifanya kazi hiyo, wengine wanaifanya bure kwa mapenzi tu.

(g) Na nyie wa parokia na misikiti na vyumba vya nyaraka, msisubiri serikali. Pigeni picha madaftari yote ya kabla ya uhuru, hata kwa simu, bila flashi, ukurasa kwa ukurasa, nakala moja mbaki nayo na nyingine ikae mbali na jengo. Tukihitajika kuchanga, ukoo wetu utachanga.

Nakala za karatasi zote nilizozitaja, pamoja na picha za kurasa za 1931, 1935, 1936 na 1938 tulizoruhusiwa kupiga, tumeziambatanisha kwenye barua inayokuja kwenu kwa mkono, hapa siziweki kwa sababu zina majina ya watu wengine ambao hawajaniruhusu. Shauri la mirathi bado linaendelea na shangazi bado hayupo kwenye orodha ya warithi. Yuko tayari kuja kutoa maelezo siku yoyote mtakayopanga, ila iwe asubuhi na iwe ofisi ya chini, ngazi za ghorofani hawezi tena. Na jibu tunaliomba kwa maandishi, lenye jina na cheo cha aliyelitoa, ili mahakama ilipokee.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjukuu, katibu wa ukoo
Mwanza

Nakala: Wazee wa ukoo, pande zote mbili, pamoja na wale wanaotupinga. Hawa nimewatumia wa kwanza kabisa.